Meza na Sahani: Kumpima Mgombea Ugavana kwa Mizani ya Mtumishi wa Umma

(Mhadhara uliotolewa mjini Madison, Wisconsin, mbele ya wazungumzaji wa Kiswahili wa jimbo hilo, Februari 2026)

Ndugu zetu wa Uvira, Bukavu na Bujumbura, najua ninyi ndio wengi humu ndani, na Kiswahili changu cha Tanga mtakivumilia. Nawashukuru mliouacha usingizi wa Jumamosi, maana wengine naona bado mmevaa sare za zamu ya usiku.

Novemba 3 mwaka huu jimbo letu litachagua gavana mpya. Gavana Tony Evers alitangaza mwezi Julai 2025 kwamba hatagombea muhula wa tatu, kwa hiyo kiti kiko wazi na wanaokitaka ni wengi kama machungwa ya Muheza wakati wa msimu. Humu ndani wamo wasaidizi wa walimu, madereva wa mabasi ya jiji, wasafishaji wa majengo ya chuo na wauguzi. Baadhi yenu mtapiga kura ya ugavana kwa mara ya kwanza. Nia yangu leo ni kuwapa njia ya kuwalinganisha wagombea katika mambo ya kazi na watumishi wa umma. Sitamtaja mgombea yeyote wa mwaka huu. Mwenyekiti wa mkutano huu amenikataza, na amefanya vyema. Nitatumia chaguzi zilizokwisha pita hapa Wisconsin tangu 2010, kwa sababu mtu aliyekwisha kutawala hawezi tena kubadili kauli.

Kwanza tuelewane maneno. Ninaposema mtumishi wa umma namaanisha yule ambaye mshahara wake unatoka katika kodi: mwalimu, mkusanya taka wa mji, karani wa mahakama, askari wa gereza. Ninaposema chama cha wafanyakazi, ndugu zangu wa Kongo, ni ile mnayoiita sendika. Na majadiliano ya pamoja ni pale wafanyakazi wanapokaa na mwajiri kupitia chama chao, si mmoja mmoja, mpaka watoke na kile ambacho Tanzania tunakiita mkataba wa hali bora.

Kwa nini basi tunamzungumzia gavana, tusimzungumzie rais? Sheria kuu ya taifa ya mahusiano ya kazi, ya mwaka 1935, iliwalinda wafanyakazi wa makampuni binafsi ikawaacha nje watumishi wa majimbo na miji. Haki ya mwalimu wa Wisconsin ya kukaa na mwajiri wake haitoki Washington. Jimbo ndilo humpa, na jimbo likitaka humnyang'anya. Wakenya mliopo hapa hamna haja ya kuelezwa sana. Tangu 2013 kaunti 47 zina magavana, na afya ikagatuliwa. Madaktari walipogoma kwa siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai mkataba uliotiwa saini mwaka 2013, mliona magavana na serikali kuu wakirushiana mpira wakati wagonjwa wanasubiri.

Jimbo hili lina historia yake katika jambo hili. Chama kikubwa cha watumishi wa umma cha Marekani, AFSCME, kilizaliwa hapahapa Madison mwaka 1932. Mwaka 1959 Wisconsin ikawa jimbo la kwanza kutunga sheria ya kuwapa watumishi wa serikali za mitaa haki ya majadiliano ya pamoja. Basi wenye nyumba ya kwanza ndio waliokuja kuibomoa, na nitaeleza ilivyobomolewa. Nina hoja tano.

Hoja ya kwanza: ulizia kalamu kabla ya ahadi

Mgombea akiahidi jambo, muulize: utalifanya kwa kalamu ipi? Gavana ana kalamu za namna mbalimbali, na wino wake haulingani.

Ipo kalamu ya amri, ambayo huandika upesi na kufutwa upesi. Katika jimbo la Indiana, Gavana Evan Bayh aliwapa watumishi wa jimbo haki ya majadiliano mwaka 1989 kwa amri yake mwenyewe. Miaka 16 ikapita, watu wakazoea, wakadhani wana haki. Mwaka 2005 Mitch Daniels alipoingia ofisini aliifuta amri ile mara moja kwa amri nyingine. Hapakuwa na kura wala mjadala bungeni. Mgombea anayeahidi kuwarudishia watumishi haki zao "siku ya kwanza" anawaahidi kitu ambacho mrithi wake naye anaweza kukiondoa siku ya kwanza.

Ipo kalamu ya kukata. Hapa Wisconsin gavana anaweza kukata sehemu ya muswada wa fedha na kuuacha uliobaki uwe sheria, na makali ya kalamu hii ni ya ajabu. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha nyongeza ya dola 325 kwa kila mwanafunzi katika kiwango ambacho shule zinaruhusiwa kukusanya, kwa mwaka wa shule wa 2023-24 na wa 2024-25. Gavana Evers akaikata "20" na kile kistari, tarakimu zilizobaki zikasomeka 2425. Miaka miwili ikawa miaka mia nne! Nawaona mnacheka, lakini Mahakama Kuu ya jimbo ilikubali jambo hilo Aprili 2025. Pamoja na ukali wake wote, kalamu hii hukata kilicholetwa mezani tu. Haki iliyokwisha ondolewa na sheria haiwezi kurudishwa nayo.

Ipo pia kalamu ya mahakamani. Mwaka 2015 Gavana Bruce Rauner wa Illinois alishambulia ada ya uwakala, yaani makato ya yule asiye mwanachama ambaye chama kinamjadilia mkataba. Jaji alimwondoa Rauner katika kesi, lakini wafanyakazi wachache waliokuwa upande wake wakaiendeleza, na Juni 27, 2018, Mahakama Kuu ya Marekani ikaipiga marufuku ada hiyo kwa watumishi wa umma nchi nzima. Gavana wa jimbo moja aliwasha kiberiti, moto ukafika majimbo yote.

Kwa hiyo mkisikia ahadi, ulizeni: ni amri, ni bajeti, ni sheria ya Bunge au ni kesi? Kama ni sheria ya Bunge, swali la pili ni nani watakaokuwamo bungeni.

Hoja ya pili: tenganisha sahani na meza

Hii ndiyo hoja niliyoijia. Mambo ya kazi yana sehemu mbili. Sahani ni kile unachopewa: mshahara, pensheni, bima ya afya, likizo. Meza ni mahali panapoamuliwa kitu gani kiingie katika sahani, na nani awepo wakati wa kuamua. Wakati wa kampeni wagombea wote huzungumzia sahani, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Wisconsin ilibadilishwa mezani.

Februari 2011 nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu hapa Madison, nikifundisha Kiswahili kwa vijana wa mwaka wa kwanza. Scott Walker alikuwa ameapishwa kuwa gavana Januari. Tarehe 11 Februari akatangaza muswada wa kurekebisha bajeti, ambao baadaye ukaitwa Sheria ya 10. Alisema jimbo lina nakisi ya dola milioni 137 katika mwaka ule wa fedha, na pengo la dola bilioni 3.6 katika bajeti ya miaka miwili iliyokuwa ikija. Tarehe 14, Siku ya Wapendanao, tuliandamana wasaidizi wa kufundisha tukampelekea gavana kadi za mapenzi, tukimwomba asituvunje moyo. Tulidhani ni utani wa siku moja.

Ngoja niwasomee muswada ule kwa lugha ya hati ya mshahara. Watumishi wengi wa umma walitakiwa kuchangia asilimia 5.8 ya mshahara katika pensheni, na watumishi wa jimbo kulipa asilimia 12.6 ya gharama ya bima ya afya. Chukueni mtu wa mshahara wa dola 40,000 kwa mwaka. Pensheni peke yake inamkata dola 2,320, karibu dola 193 kila mwezi, kabla hatujagusa bima. Hiyo ni sahani, na inauma. Mama mmoja msaidizi wa mwalimu alinionyesha hati yake ya mshahara ya miezi michache baadaye. Alikuwa ameikunja mara nne na kuiweka ndani ya Biblia, akaniambia, "Mwanangu, hii naiombea."

Sasa meza. Chama kiliruhusiwa kujadili mshahara wa msingi tu. Saa za kazi, usalama, idadi ya wanafunzi darasani na ratiba za zamu vikatoka. Nyongeza ya mshahara isizidi mfumko wa bei, mpaka wapiga kura waidhinishe kwa kura ya maoni. Mfumko ukiwa asilimia 2, yule wa dola 40,000 anaweza kuongezwa dola 800 kwa wingi wake wote, naye amekwisha katwa 2,320. Mkataba usizidi mwaka mmoja. Mwajiri asikate tena ada ya chama katika mshahara. Na kila mwaka chama kipigiwe kura ya kuthibitishwa, na ni lazima kipate asilimia 51 ya wafanyakazi wote wa kitengo, wawe wamepiga kura au wamelala nyumbani.

Hesabuni nami hapo. Wafanyakazi ni 100. Hamsini wanasema ndiyo, hakuna hata mmoja anayesema hapana, hamsini hawakupiga. Chama kimeshindwa. Sasa geuzeni mizani ile ile kwa gavana. Mwaka 2010 Walker alipata asilimia 52 ya kura, zaidi kidogo ya kura 1,100,000, katika jimbo lenye watu wazima zaidi ya milioni 4. Kwa kipimo alichowawekea wasafishaji na walimu, yeye mwenyewe asingeapishwa.

Jambo lililonifundisha zaidi lilitokea katika wiki ile ya kwanza. Viongozi wa vyama vikubwa walisema hadharani: tutakubali kuchangia pensheni, tutakubali kulipia bima, tuachieni majadiliano. Yaani, chukua chakula, tuachie kiti. Gavana akakataa. Kama shida ilikuwa fedha peke yake, fedha alikuwa amekwisha kuzipata. Kuanzia hapo nikajua tulikuwa tunagombania meza.

Nililala usiku mmoja katika jengo la Bunge, chini ya lile kuba, juu ya marumaru inayopenya baridi mpaka mifupani. Vijana walipiga ndoo za plastiki kama ngoma. Mkahawa mmoja wa pizza wa State Street ulikuwa ukituletea maboksi yaliyolipiwa na watu wa mbali, wengine kutoka Misri, ambako Mubarak alikuwa ameondoka siku ileile muswada wetu ulipotangazwa. Tarehe 17 maseneta 14 wa chama cha Democratic wakavuka mpaka kwenda Illinois, kwa sababu muswada wa fedha ulihitaji akidi ya maseneta 20 na Republican walikuwa 19. Machi 9 Republican wakayanyofoa mambo ya fedha katika muswada, akidi ile isihitajike tena, wakapitisha yaliyobaki kwa kura 18 kwa 1. Machi 11 Walker akatia saini.

Hoja ya tatu: sikiliza kimya cha mgombea, kisha fungua daftari lake

Rudini mwaka 2010. Wagombea wakuu walikuwa wawili, Walker wa Republican, mtendaji mkuu wa Kaunti ya Milwaukee, na Tom Barrett wa Democratic, meya wa jiji la Milwaukee. Katika kampeni Walker alisema waziwazi kwamba watumishi wachangie pensheni zao, na aliahidi ajira mpya 250,000 katika sekta binafsi. Hakusimama jukwaani akasema ataondoa majadiliano ya pamoja. Jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya halikuwamo katika orodha ya ahadi.

Je, mpiga kura angeweza kulijua? Ndiyo, kama angefungua daftari. Walker aliingia uongozini Milwaukee mwaka 2002 baada ya kashfa ya pensheni: viongozi wa kaunti walikuwa wamepitisha mafao manono mno, wananchi wakakasirika, mtendaji mkuu wa wakati ule, Tom Ament, akaondoka. Walker alijenga jina lake juu ya hasira ile, na kwa miaka minane alivutana na vyama kuhusu makato, likizo bila malipo na kazi kupewa makampuni binafsi. Kwa mtu wa historia hiyo, kimya kuhusu meza kilikuwa na maana yake.

Kuna funzo jingine la daftari. Mwaka 2012 ilitolewa video iliyorekodiwa Januari 2011, ambamo mfadhili tajiri anamuuliza Walker kama jimbo litakuwa la sheria ile iitwayo "haki ya kufanya kazi", inayokataza mkataba kumlazimisha mfanyakazi wa kampuni binafsi kukilipia chama. Walker anajibu kwamba hatua ya kwanza ni vyama vya watumishi wa umma, kwa njia ya wagawe uwatawale. Mbele ya wananchi alisema mara nyingi kwamba sheria hiyo haimo katika vipaumbele vyake. Machi 2015 aliitia saini. Wafanyakazi wa viwanda waliotazama mwaka 2011 wakisema "haya ni ya walimu" walifikiwa miaka minne baadaye.

Basi mgombea anaposema mengi kuhusu mshahara na hasemi kitu kuhusu majadiliano, mpeni nafasi aseme. Akikwepa mara mbili, someni aliyoyatenda alikotoka.

Hoja ya nne: rafiki naye apimwe

Hapa nitawaudhi baadhi yenu, mnisamehe. Kuna kasumba ya kusema: huyu ni wa chama chetu, huyu anatupenda, tusimsumbue. Mwaka 2012 unatukanusha.

Sheria ya 10 ilizaa kampeni ya kumvua Walker madaraka. Zilihitajika saini 540,208, zikathibitishwa zaidi ya 900,000. Katika mchujo wa Democratic wa Mei 8, wagombea wakuu walikuwa Barrett na Kathleen Falk, aliyekuwa mtendaji mkuu wa Kaunti ya Dane. Wote wawili walisema watarudisha majadiliano ya pamoja. Ukisikiliza kwa sikio moja ungesema ni mapacha.

Tumieni sasa kipimo cha kalamu. Falk aliahidi kukataa kutia saini bajeti yoyote isiyorudisha majadiliano. Barrett alikataa kutoa ahadi hiyo; alisema ataitisha kikao maalumu cha Bunge. Vyama vikubwa vikamuunga mkono Falk, wapiga kura wa mchujo huo wakampa Barrett asilimia 58. Nani alikuwa sahihi? Ahadi ya Falk ilikuwa na meno, lakini ingeweza kufunga serikali nzima kwa ajili ya jambo moja. Ahadi ya Barrett ilikuwa pana, lakini ilitegemea Bunge ambalo lingeweza kukaa dakika tano na kuahirisha. Watu wenye akili walitofautiana. Ninachotaka mkione ni kwamba tofauti ilikuwapo, na haikuonekana katika mabango.

Juni 5 Walker akashinda kwa asilimia 53 dhidi ya 46 za Barrett. Akawa gavana wa kwanza wa Marekani kunusurika kura ya kuvuliwa madaraka; wawili waliomtangulia, Lynn Frazier wa North Dakota mwaka 1921 na Gray Davis wa California mwaka 2003, walianguka.

Mwaka 2014 Democratic wakamleta Mary Burke, aliyekuwa mjumbe wa bodi ya shule ya Madison. Huyu alitenganisha meza na sahani waziwazi: majadiliano yarudi, lakini michango ya pensheni na bima ibaki. Naye akashindwa. Mwaka 2018 Tony Evers, mwalimu wa zamani na msimamizi wa elimu wa jimbo, alimshinda Walker kwa tofauti isiyofika kura 30,000. Evers amependekeza katika bajeti zaidi ya moja kuzirudisha haki zile, na kila mara Bunge la Republican limeyaondoa mapendekezo yake. Miaka minane imekaribia kutimia, na rafiki ikulu hakutosha kuirudisha meza. Silisemi hili kumlaumu. Nalisema ili mgombea wa mwaka huu asije akatuuzia ahadi ileile kwa karatasi mpya.

Hoja ya tano: tazama nani ameachwa nje, na nani anayelipa

Sheria ya 10 haikuwagusa polisi wengi na zimamoto. Baadhi ya vyama vyao vya Milwaukee vilikuwa vimemuunga mkono Walker mwaka 2010, ingawa chama cha zimamoto cha jimbo zima kilikuwa upande wa Barrett. Na bado nakumbuka siku zimamoto walipoingia katika jengo la Bunge wakipuliza zumari zao za Kiskoti. Wao walikuwa salama, wakaja. Watu wazima walilia.

Jirani zetu wa Ohio wanatufundisha upande wa pili. Gavana John Kasich alitia saini sheria ya namna hiyo Machi 2011, lakini yake iliwajumuisha polisi na zimamoto. Katiba ya Ohio inawaruhusu wananchi kuipigia kura sheria iliyopitishwa. Novemba 2011 waliifuta kwa zaidi ya asilimia 61 ya kura. Wisconsin haina njia hiyo, ndiyo maana sisi tulilazimika kumpigia kura mtu badala ya sheria. Na aliyeachwa nje huweza kurudi kama tundu katika ukuta: Desemba 2024 Jaji Jacob Frost wa Kaunti ya Dane alibatilisha sehemu kubwa ya Sheria ya 10 kwa sababu hakuona mantiki katika mgawanyo huo, mathalan askari wa jengo la Bunge na walinzi wa wanyamapori kuwekwa kundi la kawaida wakati polisi wengine wanalindwa. Hukumu hiyo ilikatiwa rufaa na utekelezaji wake ukasimamishwa, kwa hiyo msitangaze ushindi makazini.

Tumtazame na anayelipa. Haki ni haki, na upande wa pili una la kusema. Desemba 23, 2008, siku mbili kabla ya Krismasi, kiwanda cha General Motors cha Janesville, mwendo wa dakika arobaini na tano hivi kutoka hapa, kilisimamisha kuunda magari makubwa yaliyokuwa tegemeo lake. Maelfu walipoteza kazi, pamoja na wale wa viwanda vilivyokitegemea. Mtu wa Janesville aliyepoteza mshahara na bima alimtazama mwalimu jirani yake na kujiuliza kwa nini kodi yake impe mwenzake alichokikosa yeye. Swali lile si la mtu mwovu. Katika kura ya 2012, wapiga kura 38 katika kila 100 waliotoka nyumba zenye mwanachama wa chama cha wafanyakazi walimchagua Walker. Sisi tuliokuwa chini ya kuba hatukwenda Janesville kumjibu. Tuliimbiana wenyewe kwa wenyewe.

Mgombea mzuri ni yule anayeweza kusimama mbele ya yule baba wa Janesville na mbele ya yule mama wa hati iliyokunjwa, akasema maneno yaleyale. Akibadilisha sauti kati ya ukumbi na ukumbi, mmempata.

Hitimisho

Mwenyekiti, muda umekwisha, naona watoto wameanza kukimbizana mlangoni. Mwaka 2010 wafanyakazi 14 katika kila 100 wa jimbo hili walikuwa wanachama wa chama. Mwaka 2015 walikuwa 8. Vijana wanaoajiriwa leo shuleni hawajawahi kuona mkataba wa kurasa nyingi. Hawawezi kudai wasichokijua. Kazi ya kuwaeleza ni yetu sisi tuliokuwapo, pamoja na nyinyi ambao huko mlikotoka mliwahi kuona mgomo, na wengine mlilipia ushiriki wenu kwa uhamisho.

Kabla ya mchujo wa Agosti, wagombea watapita huku kutafuta kura. Watakula pilau letu, watapiga picha na watoto waliovaa kanga. Nimependekeza kwa kamati tuwaulize wote, wa vyama vyote, maswali matano kwa maandishi, wajibu kwa maandishi: Utarudisha majadiliano ya pamoja, ndiyo au hapana? Kwa kalamu ipi? Bunge likikataa utafanya nini siku inayofuata? Nani utamwacha nje? Na mlipa kodi asiye na pensheni utamwambia nini? Majibu yao tutayatafsiri na kuyabandika ukutani hapa, bila kuongeza neno. Asiyejibu tutabandika jina lake na karatasi tupu.

Na mkutano ujao, ndugu zangu, kila mtumishi wa umma aje na hati yake ya mshahara. Fichani majina, fichani namba. Tutakaa meza moja, tuyasome makato mstari kwa mstari, tuulizane kila mstari uliamuliwa na nani, na wewe ulikuwa wapi siku hiyo. Yule mama wa Biblia amekubali kuja na ile yake ya mwaka 2011. Anasema bado anayo.